Vitambaa Vilivyokatwa: Uchambuzi wa Kisa cha Kisima Kitakatifu Magharibi mwa Ayalandi

Mipaka ya kisa hiki

Kisa hiki kinahusu kamati ya kijiji kimoja magharibi mwa Ayalandi, ambayo iliamua kuusafisha mti wa vitambaa ulio kando ya kisima kitakatifu, ikakata kila kilichofungwa juu yake kwa asubuhi moja, kisha ikatumia takriban miaka miwili kuyarekebisha yaliyotokana na asubuhi hiyo. Jina la kijiji, la mtakatifu wa mahali hapo na la kila mhusika yameondolewa, pamoja na alama nyingine zinazoweza kukitambulisha kisima chenyewe. Mimi nilikuwa mkazi wa eneo hilo na mwandishi wa kumbukumbu za vikao vya kamati, kwa hiyo sehemu ya makosa yanayoelezwa hapa ni yangu pia, na sikusudii kuyatupa mabegani mwa wenzangu.

Usuli: kisima, ugonjwa na kitambaa

Ayalandi inakadiriwa kuwa na visima vitakatifu vipatavyo 3,000. Kwa Kiayalandi kisima cha aina hiyo huitwa tobar beannaithe, na mara nyingi hakikuchimbwa na mtu, bali ni chemchemi ndogo iliyozungushiwa mawe. Vingi kati yake vina mtakatifu wake, siku yake ya kuhijiwa, na ugonjwa wake. Tobar na nGealt, katika kaunti ya Kerry, kiliendewa na watu waliorukwa na akili, ambao walikunywa maji yake na kula mboga ya majini iliyoota humo. Huko Doon, kaunti ya Donegal, vichaka vya kando ya kisima vimevikwa vitambaa, na waliopona waliacha magongo yao hapo hapo. Visima vya macho ni vingi kiasi kwamba jina Tobar na Súl, yaani kisima cha macho, hukutwa katika kaunti mbalimbali.

Desturi hizi zimepita katika mikono migumu. Sheria ya 1704, iliyotungwa kuwabana Wakatoliki, iliyatangaza makusanyiko ya visimani kuwa haramu na kumtoza kila aliyehudhuria shilingi 10, na asiyeweza kulipa alichapwa viboko. Baadaye, katika karne ya 19, mapadri wenyewe waliyapiga vita makusanyiko hayo kwa sababu ya ulevi na mapigano ya koo yaliyofuata sala. Kilichosalia ni kile ambacho mtu angeweza kukifanya peke yake au na jamaa zake, bila ruhusa ya serikali wala ya kanisa. Jambo hili lina uzito katika kisa chetu, kwa kuwa lilitufundisha, ingawa kwa kuchelewa, kwamba kisima hakina ofisi ya kuuliza, na aliye na haki ya kukisemea hajulikani kwa cheo.

Kisima chetu kilikuwa cha macho. Mgonjwa alifika, hapo zamani akiwa pekupeku, akakizunguka mara saba kwa mwendo wa jua, yaani kisima kikiwa mkono wake wa kulia, huku akisali Baba Yetu na Salamu Maria na kuangusha kokoto moja kila alipomaliza mzunguko ili asipoteze hesabu. Baada ya hapo alinawa macho mara tatu. Mwisho alirarua kipande cha nguo aliyoivaa, akakichovya majini, akapangusa nacho macho, akakifunga kwenye mti. Mti wenyewe ni wa miiba, mfupi, uliopindishwa na upepo wa bahari, wa jamii ambayo Waayalandi huiita sceach na kuiheshimu hata pasipo na kisima, kwa kuwa mti wa namna hiyo ukisimama peke yake husemekana kuwa ni wa viumbe wasioonekana. Heshima hiyo si ya vizee peke yao: mwaka 1999, huko Latoon katika kaunti ya Clare, mpango wa barabara kuu mpya ulirekebishwa baada ya watu kulalamika kwamba ungeung'oa mti mmoja wa aina hii.

Hapa lazima nikae kidogo, kwa maana kisa kizima kinaning'inia kwenye kitambaa hicho. Msomaji aliyelelewa pwani ya Afrika Mashariki, aliyewahi kuona bendera na vipande vya nguo kwenye pango la mzimu, ataelekea kudhani kwamba kitambaa cha Ayalandi nacho ni nadhiri, kitu anachopewa mwenye mahali. Nilidhani hivyo. Sivyo. Kwa mantiki ya kale ya mahali pale, kitambaa si zawadi, ni ugonjwa. Kimegusa jicho bovu, kimeubeba ubovu wake, na kadiri kinavyooza mtini ndivyo maumivu yanavyofifia. Kwa hiyo mambo mawili hufuata bila kuhitaji kuelezwa: anayekifungua kitambaa cha mwenzake hujitwika maradhi yake, na kitambaa kisichooza hakiponyi.

Hali kabla ya tukio

Katika miaka iliyotangulia tukio, kisima kiliingia kwenye ramani za simu, na wageni wakaongezeka. Wengi walikuja na nia njema, na kila mmoja aliacha alichokuwa nacho mfukoni au garini. Mti ukajaa tepe za nailoni, barakoa za wakati wa janga la korona, soksi za watoto wachanga, bangili za plastiki za hospitalini, picha zilizofunikwa kwa plastiki, funguo na hata kamba za viatu. Sarafu ziligongelewa kwenye shina. Nyuzi za viwandani zilizofungwa kwa nguvu ziliyabana matawi, na tawi linaponenepa huku likiwa limefungwa hujinyonga lenyewe, gome likachubuka na maji yasipande. Majira ya vuli tawi kubwa lilianguka kwa dhoruba, na palipovunjika palionekana mfereji mwembamba wa kamba ya bluu ulioingia ndani ya mbao.

Mkulima mwenye shamba, ambaye aliwaruhusu watu wapite kwa mazoea tu na si kwa mkataba, alisema hataki tawi jingine limwangukie mgeni. Kamati ikaketi. Ilikuwa na mkulima huyo, mwalimu mstaafu, paroko, vijana wawili wa klabu ya michezo, na mimi. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja wa ile familia ambayo, kwa kumbukumbu za kijiji, ndiyo iliyokiangalia kisima vizazi na vizazi. Mjane wa familia hiyo, nitakayemwita Mlinzi, aliishi mita chache kutoka kwenye lango la shamba.

Yaliyotokea

Kamati iliamua mambo matatu katika kikao kimoja: kuondoa kila kilichofungwa mtini, kupunguza matawi yaliyokufa, na kuusafisha ukingo wa kisima. Kulikuwa na haraka ya kisheria, kwa kuwa nchini humo ni marufuku kukata vichaka na miti ya pembezoni mwa mashamba kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti, wakati ndege wanapotaga, nasi tulikuwa tayari katikati ya Februari. Hofu ya kusubiri miezi sita ndiyo iliyotufanya tusimuulize mtu.

Jumamosi iliyofuata vijana kadhaa walifika na mikasi na mifuko ya takataka. Kazi iliisha kabla ya adhuhuri. Mti ulibaki mtupu kama wakati wa kuzaliwa kwake, na picha ilipigwa ili ionekane jinsi palivyopendeza. Kabla ya kuondoka, wawili kati yao waliosha glavu zao zenye tope ndani ya kisima.

Malalamiko yalianza jioni ile ile. Mama mmoja aliuliza iko wapi soksi ya mwanawe, ambaye hakuishi. Mtu mwingine alidai arudishiwe kitambaa cha mumewe aliyekuwa bado anatibiwa, kwa maelezo kwamba kilikatwa kabla hakijamaliza kazi yake. Lakini lililowaumiza wazee kuliko yote halikuwa mti. Lilikuwa zile glavu. Visima vya Ayalandi vina masimulizi mengi ya chemchemi iliyokauka au iliyohama usiku mmoja kwa sababu mtu alifulia nguo ndani yake, na kisima chetu kilikuwa na simulizi lake la namna hiyo. Bibi wa mmoja wa vijana wale alimkataza mjukuu wake asikanyage tena shambani, na wiki ile ile kijana huyo alipoamka na jicho jekundu, kijiji hakikuhitaji daktari wa kueleza sababu. Mimi naamini ilikuwa tope na vidole vichafu. Hata hivyo imani yangu haikuwa na kazi yoyote katika mazungumzo yaliyofuata.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimama. Mifuko ilikuwa imeshapelekwa kwenye ghala la mkulima ikingoja gari la takataka, na mwalimu mstaafu ndiye aliyesema isiguswe hadi watakaosikilizwa wasikilizwe. Kama gari lingefika siku mbili mapema, pengine kisa hiki kisingekuwa na sehemu ya pili.

Mtu mmoja alipendekeza tuchimbe shimo chini ya mti na kuzika kila kitu hapo. Pendekezo lilikuwa la busara kwa upande wa heshima, ila lilizuiwa na sheria. Kisima kilikuwa kwenye orodha ya taifa ya mambo ya kale, na kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 1994 yaliyokuwa yakitumika, anayetaka kufanya kazi yoyote kwenye eneo lililoorodheshwa hutakiwa kumwarifu waziri kwa maandishi miezi miwili kabla. Afisa urithi wa kaunti, tuliyemwita wakati huo ilhali tungemwita kabla, alitueleza kwamba hata kuusugua ukingo wa mawe kulipaswa kutanguliwa na ushauri. Tulikuwa tumeiogopa sheria ya ndege na kuisahau ya mawe.

Uamuzi wa pili ulikuwa kumfuata Mlinzi nyumbani kwake badala ya kumwita kikaoni. Afisa urithi alikuja na nakala ya ukurasa mmoja kutoka kwenye mkusanyo wa Tume ya Fasihi Simulizi ya Ayalandi, ambayo kati ya 1937 na 1939 iliwaomba wanafunzi wa shule za msingi wawaulize wazee wa nyumbani kwao habari za kale na kuziandika. Wanafunzi wapatao 50,000 walishiriki. Mmoja wao alikuwa ameandika juu ya kisima chetu, kwa mwandiko wa shule ulionyooka, kwamba kitambaa kilichofungwa hakiguswi na mtu mwingine. Mlinzi alisikiliza ukisomwa, akasema kwamba angetuambia hayo bure.

Kutokana na mazungumzo yake kamati iliamua kwamba vitu vigawanywe. Picha na vitu vya watoto viliwekwa kwenye sanduku kanisani ili wenyewe wavichukue. Vitambaa vya pamba, kitani na sufu vilitandazwa chini ya ua wa miti nje ya eneo lililoorodheshwa, viendelee kuoza. Plastiki ilipelekwa kwenye kituo cha taka. Kazi ya kugawa ilifanywa na Mlinzi na binti yake peke yao, kwa mikono yao, baada ya kusali, kwa kuwa ndio pekee ambao wazee walikubali kwamba wangeweza kugusa bila madhara. Sisi tulishika mifuko.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wetu wenyewe, na tuliuonea fahari. Tuliweka kikapu langoni chenye vipande vya pamba safi isiyotiwa rangi, pamoja na kibao cha Kiayalandi na Kiingereza kilichowaomba wageni watumie hivyo badala ya plastiki.

Uamuzi wa nne ulihusu maji. Paroko alishauri yapimwe, na majibu yalionyesha bakteria wa kinyesi, pamoja na E. coli. Haikuwa ajabu: sehemu kubwa ya magharibi mwa Ayalandi imekalia mawe ya chokaa yenye nyufa, ambamo maji hushuka kwa kasi bila kuchujwa na udongo, na ng'ombe walilisha juu ya chemchemi. Nchi hiyo imekuwa miongoni mwa zile za Ulaya zenye viwango vya juu kabisa vya maambukizi ya E. coli itoayo sumu, ambayo kwa mtoto mdogo inaweza kuharibu figo. Kamati iliomba mkulima azungushe uzio kuwaweka ng'ombe mbali, naye akakubali, kisha ikaandika kibao cha kukataza kunywa. Kuhusu kunawa macho, kibao kilinyamaza, kwa sababu hatukuelewana.

Matokeo

Plastiki mtini ilipungua, ingawa haikwisha. Matawi yaliyobanwa na kamba yalikufa, mengine yakachipua majira ya kuchipua ya pili. Sanduku la kanisani liliitikiwa na wachache. Mama wa ile soksi alikuja, akaichukua, na hakurudi tena kisimani wala kanisani kwa muda ambao mimi niliendelea kuishi pale.

Kikapu kilishindwa. Vipande vya pamba viliisha kila wiki, lakini vingi havikuonekana mtini; wageni walivichukua kama kumbukumbu ya safari. Vilivyofungwa vilifungwa vikavu, virefu, vyote vikifanana, na mti ukaonekana kama umepambwa kwa harusi. Wenyeji hawakuvitumia kamwe. Ilimbidi Mlinzi atueleze, na safari hii hakuficha uchovu wake, kwamba kipande kilichotoka kikapuni hakijawahi kumgusa mgonjwa, kwa hiyo hakina alichokibeba. Mwaka wa pili, kabla ya Jumapili ya mwisho ya Julai, ambayo ni siku ya kuhijiwa kwa visima vingi vya upande ule, kikapu kiliondolewa na kibao kikaandikwa upya. Kilisema kwa ufupi kwamba kwa desturi ya mahali hapa kitambaa hutoka kwenye nguo ya mgonjwa, huwa cha pamba, kitani au sufu, hufungwa kilegevu, na kwamba kisichooza hakifai.

Uzio ulisaidia. Vipimo vya baadaye vilikuwa nafuu, ila havikufikia kiwango cha maji ya kunywa, na watu waliendelea kunywa mbele ya kibao chenyewe.

Uchambuzi

Kosa la Jumamosi ile hueleweka kwa urahisi kuwa ni kosa la kutoshirikisha watu, na katika kumbukumbu za kikao mimi mwenyewe niliandika hivyo. Sasa naona maelezo hayo hayatoshi. Tungeweza kuitisha mkutano wa kijiji kizima na bado tukakosea, kama tungeendelea kuuliza swali lile lile, yaani takataka hizi tuzifanye nini. Tuliviona vitambaa kama vitu vilivyoachwa, ilhali kwa waliovifunga vilikuwa bado vinatenda kazi. Uthibitisho ni kwamba hata baada ya kushirikisha watu tulirudia kosa kwa sura nyingine: kikapu kilitokana na fikra kwamba tatizo ni malighafi, na kwamba mgeni akipewa pamba badala ya nailoni desturi itakuwa imelindwa. Kwa mazingira ilikuwa sahihi. Kwa tiba ilikuwa tupu.

Kilichofanya kazi ni kibao cha pili, na sababu yake yafaa kutazamwa kwa makini. Hakikumkataza mtu plastiki kwa jina la mazingira, jambo ambalo mgeni husikia kila aendapo na kulipuuza. Kilimwambia kwamba plastiki haitamfaa kwa kile alichokijia. Desturi yenyewe ilikuwa na kanuni kali zaidi dhidi ya nailoni kuliko kamati yetu, nayo ilikuwepo kabla nailoni haijabuniwa. Tulichotakiwa kufanya ni kuisema tu.

Tatizo letu si la kijiji kimoja. Mwanzoni mwa 2022, huko Munlochy kaskazini mwa Uskoti, mtu asiyejulikana aliving'oa vitambaa vilivyokuwa vimefungwa kwenye miti ya kisima cha aina hiyo hiyo, na huzuni iliyofuata ilifanana sana na yetu. Tofauti ni kwamba pale aliyefanya alitenda kwa siri. Sisi tulikuwa na kikao, ajenda na kumbukumbu zilizotiwa saini, na kwa waliofiwa hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu mgeni mjinga husamehewa upesi kuliko jirani aliyepiga kura.

Haraka nayo ina nafasi yake. Tarehe 1 Machi ilihusu ukataji wa matawi tu. Hakuna sheria iliyotulazimisha kukata vitambaa kabla ya hapo. Tuliyaunganisha mambo mawili kwa sababu mikasi ilikuwa imeshapatikana. Matawi yaliyokufa yangeweza kupunguzwa na mtu mmoja mwenye ujuzi kwa saa moja, na mazungumzo juu ya vitambaa yakachukua muda wake. Kuhusu glavu, sioni namna ambayo vijana wale wangelijua, kwa kuwa hakuna aliyewaambia, na simulizi la kisima kuhama lilikuwa limebaki vinywani mwa watu wenye zaidi ya miaka 70. Kuwalaumu wao, kama walivyolaumiwa, haikuwa haki.

Juu ya maji sina utetezi. Kamati ilikuwa na majibu ya maabara mkononi, na kisima ni cha macho, si cha kunywa. Anayekuja na jicho lenye kidonda huliosha kwa maji yenye bakteria wa kinyesi. Kibao kilikataza lile lililofanywa na wachache na kunyamazia lile lililofanywa na karibu kila mtu. Wajumbe waliogopa kwamba kukataza kunawa ni kukifunga kisima kwa jina jingine. Lakini katika yale aliyotueleza Mlinzi kulikuwa na njia ambayo hakuna aliyeitilia maanani wakati huo: mama yake, alisema, hakuwanawisha watoto wachanga, bali alichovya kitambaa, akakipitisha juu ya kope zilizofumbwa, akakifunga mtini. Niliyaandika maneno hayo kwenye kumbukumbu za kikao cha Mei, ukurasa wa pili, chini ya kichwa cha mengineyo, na hayakujadiliwa.